Ndege ya mitumba na swali la bibi

Hii Hurricane, ndege ya vita ya Mwingereza lakini ya plastiki ya kuunganisha, niliipata Mwanjelwa kwa buku tatu, ipo kwenye kimfuko cha nailoni kilichofungwa fundo, imechanganywa na midoli isiyo na mikono na vigari visivyo na matairi. Jamaa anayeuza wala hakujua anauza nini, akaniambia "chukua tu braza, kuna vitu vinapungua humo lakini dogo atachezea." Dogo gani sasa, mi mwenyewe nina miaka arobaini na moja na vidole vilishaanza kunitetemeka pale pale mbele yake, nikajikaza nisionyeshe maana akigundua tu bei inapanda.

Kwa ambao hamjawahi kuziona hizi kitu: ni vipande vya plastiki, kit wanaita, vinavyokuja vimeshikana kwenye fremu, unavikata kimoja kimoja, unasugua, unaunganisha, unapaka rangi, mwisho unakuwa na ndege ndogo ambayo kila kitu kimepunguzwa kwa kiwango kimoja. Yangu ni skeli ya 1/72, yaani Hurricane halisi ilikuwa na upana wa mita 12.19 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, gawanya kwa 72 unapata karibu sentimita 17. Inakaa kwenye kiganja. Wenzetu huko Uingereza na Japani wanaingia dukani wananunua boksi jipya lina picha nzuri juu na maelekezo ndani. Mi nilipata bila boksi, bila maelekezo, bila stika, bila kioo cha rubani, propela ina panga mbili badala ya tatu, na mtoto fulani wa ughaibuni alishaanza kuigundisha miaka hiyo akaiacha, kwenye bawa la kushoto kuna alama ya kidole gumba chake imezama kwenye plastiki kabisa maana gundi ilikuwa bado mbichi. Nilikaa naiangalia ile alama usiku ule kama nusu saa hivi.

Nitajuaje kwamba ni Hurricane na sio Spitfire? Wengi wakisikia ndege ya Mwingereza ya vita ya pili wanataja Spitfire tu, ile yenye mabawa ya duara duara, nzuri kweli sikatai. Lakini Hurricane ina kibiongo. Mgongo umepanda juu kidogo, bawa nene, na ukiangalia nyuma ya kiti cha rubani hadi mkiani unaona mistari mistari kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Hiyo ni kwa sababu nyuma kule hakukuwa na bati, ilikuwa mabomba ya chuma, juu yake mbao, juu ya mbao kitambaa kilichopakwa dawa kikakaza kama ngozi ya ngoma. Ilipaa mara ya kwanza Novemba 6, 1935, mbunifu wake Sydney Camm, zikatengenezwa zaidi ya 14,000, na mwaka 1940 pale Wajerumani walipokuwa wanaipiga Uingereza kwa ndege, Hurricane ndo ziliangusha ndege nyingi kuliko Spitfire. Sifa lakini akachukua mrembo. Mambo ya dunia.

Sasa kwa nini fundi simu wa Mbeya ahangaike na Hurricane. Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo mnivumilie.

Nimekulia kwa babu, kijijini upande wa Mafinga, kule ambako mwezi wa sita ukitoka nje asubuhi unatoa moshi mdomoni. Babu alikuwa keya, yaani askari wa KAR, lile jeshi la Mwingereza la Waafrika wa huku kwetu. Alienda Burma vita ya pili, Bama ndo walivyokuwa wanaita wazee, akarudi na kikombe cha bati na koti na maneno machache sana. Mwaka 1995 hivi nikiwa darasa la tano nilitengeneza ndege kwa mabua ya mahindi na miiba, maana nilikuwa nimeona kwenye karatasi ya gazeti la kizungu lililofungia maandazi picha ya ndege ya vita ina duara kwenye bawa, bluu nje, nyeupe katikati, nyekundu ndani kabisa. Nikaiga. Bluu nikatumia wino wa kalamu, nyekundu nikaiba lipstiki ya shangazi. Nikampelekea babu, yupo nje anakunywa ulanzi wake, shikamoo babu, marahaba, nikamwonyesha. Akaishika akaigeuza akaiona ile duara. Akauliza "nani kakwambia uweke hii?" Nikasema nimeona gazetini. Akachukua dole gumba lake akaifuta ile nyekundu, ikawa imesambaa yote bawani imeharibika kabisa, akanirudishia. "Hii ikipita juu, unalala chini. Toa."

Basi. Akaendelea na ulanzi. Mi nililia siku nzima, si kwa sababu ya maneno, kwa sababu lipstiki ilikuwa imeisha na shangazi ameshajua.

Imepita zaidi ya miaka ishirini, babu ameshafariki, ndo nakuja kusoma siku moja usiku kwenye simu kwamba kule Burma Waingereza waliiondoa rangi nyekundu kwenye alama za ndege zao. Sababu yenyewe ni rahisi sana, ndege za Mjapani zilikuwa na duara jekundu kwenye mabawa, na askari aliye chini msituni anaona doa jekundu kwa sekunde moja kati ya majani, hana muda wa kuuliza kama hilo doa limezungukwa na bluu au la, anapiga risasi au anajitupa kwenye mtaro. Kwa hiyo kuanzia 1943 huko kwa Waingereza ikawa bluu iliyokoza nje na bluu iliyopauka ndani, basi, nyekundu marufuku. Nilisoma hiyo sentensi nikazima simu. Kumbe mzee alikuwa ananisahihisha.

Kwa hiyo nilipoiona ile plastiki Mwanjelwa nilishajua itakuwa nini. Sio ndege ya London 1940. Itakuwa Hurricane toleo la Mk IIC ya Burma mwishoni mwa 1944, zile zenye mizinga minne ya milimita 20 ambazo zilibeba na bomu moja chini ya kila bawa, wakati Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki inashuka bonde la Kabaw kwenye matope na malaria kwenda mto Chindwin. Kwenye hiyo divisheni kulikuwa na batalioni za Tanganyika, ya 26 na ya 36 za KAR. Babu alikuwa anasema "Seloni" pia, nikawa nadhani ni jina la mtu, kumbe ni Sri Lanka ya sasa, divisheni ilikaa huko kwanza kabla ya kupelekwa mbele.

Haya turudi kwenye plastiki maana ndo nimewaitia.

Kitu cha kwanza ni gundi na hapa wengi wanaoanza wanapotea, wananunua supaglu ya mia tano. Supaglu inashika ndio lakini inakaa juu juu, ukiangusha inabanduka, halafu ina ubaya mwingine nitausema mbele. Plastiki ya hizi kit ni polistairini, na hiyo unatakiwa uiyeyushe, pande mbili ziyeyukiane ziwe kitu kimoja kama vile unachomelea. Gundi yake maalum kuipata Mbeya ni kazi, mi natumia thina ya gari. Nilienda kwa fundi rangi pale jirani nikamwambia nipe thina ya elfu moja, akaniuliza ya gari gani, nikamwambia ya ndege, akacheka hadi leo ananiita rubani. Unashikilia vipande viwili pamoja, unachovya brashi nyembamba kwenye thina, unagusa tu kwenye mshono, inajivuta yenyewe ndani kama maji kwenye kitambaa. Sekunde kumi. Usipake nyingi, itakula ndege yote, na fungua dirisha jamani ile harufu sio ya kuvumilia, ni sumu.

Thina hiyo hiyo nikakatia humo vipande vya fremu vilivyobaki, nikaacha usiku kucha, asubuhi nikakuta uji wa plastiki. Huo ndo puti yangu. Ile alama ya kidole ya yule mtoto nilikuwa nataka kuijaza kwa huo uji, nikajaza nusu, nikaghairi, nikaacha nusu yake upande wa chini wa bawa ambako haionekani. Sijui kwa nini. Mishono mingine yote nilijaza nikasugua na msasa wa maji, ule wanaotumia kwenye bodi za magari, namba 400 kisha 800 kisha 1500, unachovya kwenye maji unasugua taratibu.

Panga la tatu la propela nimechonga kutoka kijiko cha plastiki. Sio kijiko chochote. Angalia nyuma kwenye kapembetatu kama kuna namba 6, hiyo ndo polistairini, na ukikipinda kinakatika ghafla "ta!" badala ya kupindika, hicho kinakubali thina. Vile vinavyopindika ni plastiki nyingine utapoteza muda.

Sasa kioo. Hapa ndo nililala saa nane usiku siku nne.

Kioo cha rubani kwenye Hurricane ni kile chenye vifremu vingi kama dirisha la greenhouse, na kit yangu haikuwa nacho kabisa. Njia ni kuchonga umbo lake kwenye mti halafu unapasha plastiki angavu hadi ilegee unaivalisha juu ya umbo. Mti nikachukua paini, kipande cha Sao Hill kilichobaki kwenye kenchi, laini inachongeka na wembe. Plastiki nikachukua chupa ya soda ya nusu lita. Njia nzuri unaingiza umbo ndani ya chupa iliyokatwa halafu unaipasha kwa nje, ile chupa yenyewe ina tabia ya kurudi na kujibana ikipata joto, inalikumbatia umbo kama soksi. Mi ni fundi simu nina blowa ya hewa moto ya kutolea IC, zile chipu za ndani ya simu, nikasema joto sio shida yangu. Ya kwanza ikatoboka. Ya pili ikawa nyeupe kama maziwa, nilizidisha moto. Ya tatu ikatoka safi kabisa nikashangilia hadi mke wangu akaamka, kuangalia vizuri kwenye taa naona mistari ya mti imejichapa kwenye kioo, yaani rubani wangu angekuwa anaona dunia kupitia mbao. Paini ina nyuzi, nilisahau. Dawa yake ni kulipaka umbo supaglu nyembamba, inaingia kwenye nyuzi inakauka ngumu, unasugua na msasa hadi linang'aa kama kokoto, ndo unavalisha chupa. Ya nne ikawa nzuri.

Halafu nikaiharibu. Nilikuwa na haraka nikaishikiza kwenye ndege kwa supaglu, tone moja tu, nikaenda kulala. Asubuhi kioo kizima kina ukungu mweupe kwa ndani kama dirisha la basi la Njombe alfajiri. Ndo ule ubaya niliosema, mvuke wa supaglu ukifungiwa mahali unatua kwenye kitu angavu unakuwa mweupe. Nikabandua, nikasugua kwa dawa ya meno na kitambaa cha miwani dakika arobaini, ikarudi kiasi, sio kama mwanzo. Ya tano ndo iliyopo sasa, nimeishika na gundi nyeupe ya mbao, ile ya maji, ikikauka inakuwa angavu na haina mvuke. Soda nimekunywa hadi tumbo limeuma.

Mizinga minne nimetumia sindano za hospitali mpya nimekata ncha kwa kijiwe, kazi ya nusu saa. Chini ya pua Hurricane za kule zilifungwa chujio kubwa la vumbi, linaonekana kama kidevu, hilo nimechonga kwa fremu. Mikanda ya kiti ni foili ya ndani ya pakiti ya sigara. Kuna watu wanahesabu ribiti moja moja na kupima kwa kaliper, nawaheshimu, mi hapo sipo. Mikanda nimeweka kwa sababu bila mikanda kiti kinaonekana kama cha baa.

Rangi ni juu udongo uliokoza na kijani kilichokoza kwa mabaka, chini kijivu. Nimechanganya za tyubu za akriliki kutoka stationery, na kupulizia nimeazima kale kabrashi ka hewa ka dada mmoja anayepamba keki, ni kitu kile kile tu, nikamwahidi nitakirudisha kisafi, kikarudi na harufu, tukagombana kidogo yakaisha. Tatizo kubwa ni baridi. Nilipaka mwezi wa saba, na Mbeya mwezi wa saba rangi haikauki, inakaa inakuangalia. Nikawa naweka ndege ndani ya boksi la viatu na taa ya balbu ya zamani juu, ile inayotoa joto, na mfuniko kwa sababu ya vumbi.

Kisha kuchakaza. Hapa nina neno. Vijana wengi wakishajifunza kuchubua rangi kwa silva wanachubua ndege nzima, inakuwa kama sufuria ya mama ntilie. Hurricane nyuma ni kitambaa, kitambaa hakichubuki kikaonyesha bati, bati lenyewe halipo! Silva weka mbele, kwenye maungio ya mabawa anapokanyaga rubani akipanda, kuzunguka injini, basi. Nyuma unaweka uchafu na kupauka. Moshi wa ekzosi nimesaga mkaa laini nikapaka kwa kijiti cha masikio. Na zile mbavu za kitambaa kwenye kit zilikuwa zimezidi, zinaonekana kama ngazi, nikazisugua zishuke, kitambaa cha kweli kilikuwa kimekazwa.

Mwisho duara. Hizo nilizifanya Jumapili moja mchana nikiwa peke yangu, nimezima hadi simu za wateja. Ndege nyingi za kule zilikuwa na duara ndogo, na mi nina mashine ya kutoboa karatasi, tobo lake ni milimita 6, zidisha kwa 72 unapata sentimita 43, nikasema hiyo inatosha kabisa. Nikatoboa tepu ya kuzuia rangi, nikabandika, nikapaka bluu iliyokoza. Kisha fundi viatu akanitobolea katundu kadogo zaidi na kitoboleo chake cha mikanda, nikapaka bluu iliyopauka katikati. Ile tepu nilipoibandua nikakuta pembeni kuna kadoa ka nyekundu kama kichwa cha pini, sijui kametoka wapi, labda ukucha wa mke wangu, labda rangi ya zamani. Nikakatoa na kijiti cha meno. Halafu nikapitisha dole gumba juu ya bawa, sikuwa na sababu, rangi ilikuwa imekauka.

Mwezi wa kumi nikaenda nayo Mafinga kwa bibi, nimeiweka kwenye kontena la chakula nimezungushia pamba, kwenye basi nimeipakata kama mayai. Bibi yupo, macho hayaoni vizuri lakini akili zote zipo. Nikamwambia bibi hii ndo ndege aliyokuwa anaiona babu kule Bama. Akaipokea kwa mikono miwili. Akapapasa mabawa, akapapasa ile mizinga ya sindano, nikamwambia taratibu bibi, akaigeuza tumbo juu akawa anatafuta kitu kwa kidole.

"Sasa chakula kilikuwa kinatokea wapi?"

Nikamuuliza chakula gani. Akanishangaa. Akasema babu yako ndege alizokuwa anasema ni za chakula, zinapita chini kabisa karibu na miti, zinamwaga magunia ya mchele bila mwavuli, gunia ndani ya gunia ili likipasuka moja mchele ubaki, na wanaambiwa wakae mbali maana gunia likikupiga umekufa. Walikuwa wanangojea hizo kuliko barua. Hizi za kupigana, akasema, hakuzitaja kabisa.

Akanirudishia, akaniambia ni nzuri sana, niweke mahali watoto hawafiki.

Ndege ya magunia ni Dakota. Mabawa yake ni kama mita 29, kwa skeli ile ile inakuja sentimita 40, na rafu yangu ina sentimita 30. Nimeshapima kabati la vyombo la mke wangu wakati hayupo. Yule jamaa wa Mwanjelwa nimemwachia namba.